Kifuniko cha Karani Kipkurui

Mvua ilikuwa imeacha matope mekundu mbele ya kituo cha kununulia majani chai, upande wa juu wa Chepseon, na wakulima walikuwa wamepandisha magunia yao kwenye meza ndefu ya mbao yasije yakachafuka. Mokeira alikuwa amemwaga majani yake na kuyapekua kwa mara ya mwisho. Alitoa jani moja lililokomaa kidogo, ambalo hakuna mtu mwingine angeliona, akalitupa. Alichuma vizuri, majani mawili na chipukizi, na foleni nzima ilijua hivyo. Foleni nzima ilijua pia kwamba yangekataliwa.

Karani wa kituo hicho, Kipkurui, alikuwa mtu mpole aliyeimba besi kanisani. Kazi yake ilikuwa kuyaangalia majani, kubonyeza kitufe kwenye mashine ya mkononi, na kusoma kilichotokea kwenye kioo chake. Mashine ilijua maneno mawili tu.

“Mama Ombati,” alisema, akiitazama mashine badala ya kumtazama mtu, “yamekataliwa.”

“Kwa nini, Kipkurui?”

“Ni mashine, mama.”

“Yana kasoro gani?”

“Mimi nayaona mazuri. Lakini ni mashine.”

Mokeira aliyarudisha ndani ya gunia, akaenda kuyamwaga kwenye shimo la mbolea nyuma ya nyumba yake. Yeye na marehemu mumewe, Nyabuto, baba yake Ombati, walikuja kutoka upande wa Kisii wakiwa vijana, wakachuma chai ya watu kwenye shamba la kampuni hadi wakapata kipande chao wenyewe, na miche ya kwanza Nyabuto aliipanda kwa mikono yake. Tangu azikwe, majani ya mashina hayo hayakuwa yamepokelewa hata siku moja. Mokeira alikuwa ameanza kuwaambia majirani kwamba kiangazi kikifika atang'oa chai yote apande nyasi za ng'ombe. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema ataenda sokoni, lakini siku hizi akipita katikati ya mistari ya chai hakuyatazama mashina.

Hakuwa peke yake. Malalamiko yalikuwa mengi, na uchaguzi wa mkurugenzi wa eneo ulikuwa unakaribia. Mkurugenzi aliyekuwepo, Johana Birgen, alikuwa ameandikisha maneno “Uwazi na Uwajibikaji” kwenye ukuta wa kiwanda kwa rangi ya kijani, herufi kubwa kuliko mlango. Wakulima wakaanza kuyasoma kwa sauti kila walipopita, na jinsi walivyoyasoma haikumpendeza. Ndipo akamwita Chemutai.

Chemutai ndiye aliyetunza programu za kompyuta za kiwanda. Alisomea Eldoret, akarudi nyumbani, na sasa aliishi na mama yake na ng'ombe wanne, ambao aliwakamua mwenyewe kwa sababu alisema hiyo ndiyo kazi pekee ambayo haibadilishiwi mpango katikati.

“Watu wanasema hakuna uwazi,” mkurugenzi alimwambia. “Weka uwazi.”

“Niweke wapi, Mzee?”

“Kwenye hiyo kompyuta. Lakini usiguse kitu. Kila kitu kibaki vile kilivyo. Unaelewa?”

Chemutai alielewa, kwa sababu katika ufundi wake jambo hilo linawezekana kabisa. Ndani ya programu kuna vipande vilivyopewa majina. Ukikiita kipande kwa jina lake, kinaitika: unakipa kitu, kinakifanyia kazi, kinakurudishia jibu. Programu ya kiwanda ilikuwa na kipande kilichoitwa Amua. Kila karani alipobonyeza kitufe, Amua kiliitwa, nacho kikajibu yamekubaliwa au yamekataliwa. Ndani ya Amua mlikuwa na nini, hakuna aliyejua. Waliokiandika walimaliza kazi, wakala nyama ya kuagana, wakaondoka na ufunguo.

Chemutai hakuweza kukifungua, lakini aliweza kukivalisha. Alikishonea kifuniko cha kupitisha mwanga, kama ile kava ya nailoni ambayo wazazi huvalisha vitabu vya watoto wa shule: kitabu ni kile kile na jina linasomeka lile lile, ila mkono haukigusi tena moja kwa moja. Yeyote atakayekiita Amua, kifuniko kitapokea mwito, kitaupeleka ndani kama ulivyo, kitangoja jibu, kitalitoa nje kama lilivyo. Halafu, kabla ya kunyamaza, kitataja sababu. Kifuniko kingeijuaje sababu, Chemutai hakulifikiria sana. Alidhani itakuwa habari za unyevu, au za urefu wa vijiti. Ijumaa jioni alimaliza kushona, akaifunga kompyuta, akaenda kukamua.

Jumatatu asubuhi Nelvine, mkewe Kipkurui, aliingia chumbani na kikombe cha chai akamkuta mumewe ameketi kitandani akiwa amevaa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa mrefu kama Kipkurui, na mwanya wake katikati ya meno, na kovu la panga kwenye kidole gumba, lakini alikuwa mwangavu kama nailoni na alimzidi Kipkurui kwa upana wa kidole pande zote. Jua la dirishani lilipompata, kingo zake ziling'aa.

“Wewe ni nani?” aliuliza Nelvine.

“Kifuniko,” alijibu mumewe.

Nelvine akageuka akakirudisha kikombe jikoni. Hakuolewa na kifuniko, na wiki hiyo maziwa yalikuwa haba.

Kituoni mambo yalikwama vile vile. Wakulima walimtaka Kipkurui, nao waliambiwa kwa sauti ya Kipkurui kwamba aliyepo ni Kifuniko. Mzee mmoja alisema hana ubaya na Kifuniko, lakini majani hayawezi kupokelewa na mtu ambaye hakuajiriwa. Wengine waliona ana haki. Lori la kiwanda lilifika, likangoja, likarudi tupu, na dereva akapiga simu kumweleza Chemutai kwamba karani wa huko juu amevalishwa kitu na hajui jina lake.

Chemutai alifika kwa pikipiki, akiwa na kompyuta ndani ya koti kwa sababu ya manyunyu. Alimzunguka Kipkurui mara moja akaliona kosa papo hapo. Aliona aibu, kwa kuwa lilikuwa kosa la mwanafunzi.

“Nilisahau jina,” alisema. “Kinaitika vizuri, lakini hakijui kimemvaa nani.”

“Inauma?” aliuliza Nelvine, aliyekuwa amekuja kumletea mumewe barua ya kanisa na kuona kama bado ni kifuniko.

“Haiumi,” alisema Kipkurui. “Iko na joto kidogo tu.”

Chemutai aliketi juu ya gunia la Janeffer, ambaye shamba lake lilipakana na la Mokeira, akafungua kompyuta magotini. Alikipa kifuniko jina la aliye ndani, jina la baba yake, ukoo wake, na yale ambayo watu humwelezea kwayo, yaani upole na besi. Akakumbuka pia jambo ambalo mafundi wengi husahau: kipande kinachoitwa huwa mara nyingi ni cha mtu fulani, na kifuniko kisipojua ni cha nani, kitaitika kama yatima. Kwa hiyo akaandika kwamba huyu ni wa Nelvine.

“Muulize tena,” alisema.

“Wewe ni nani?” Nelvine aliuliza.

“Kipkurui arap Koech. Mume wako.”

“Haya, jioni utakunywa chai,” alisema Nelvine, na akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumtofautisha Kipkurui na kifuniko chake, isipokuwa jua likiwa la kumulika pembeni. Mchungaji ndiye pekee aliyekuwa na swali: alitaka kujua kama kifuniko kinahitaji kubatizwa. Chemutai alimweleza kwamba kinapitisha kila kitu, hivyo maji ya zamani yanahesabika, na mchungaji akaridhika.

Foleni ikaanza kusogea. Wa kwanza alikuwa Weldon, ambaye majani yake siku zote yalikuja na vijiti, magugu, na wakati mmoja soksi ya mtoto. Kipkurui alibonyeza.

“Yamekubaliwa,” alisema. Kisha, kwa sauti ile ile, bila kupumzika: “Kwa sababu wewe ni shemeji ya mkurugenzi.”

Weldon akasema asante, akapakia gunia kwenye lori, lililokuwa limerudi. Watu walitingisha vichwa kama wanaothibitishiwa bei ya sukari.

Aliyefuata alikuwa Mageto, mkulima mwenye shamba karibu na mto. Yeye kwa miaka mingi aliwaeleza watu sokoni kwamba majani yake hukataliwa kwa ajili ya siasa.

“Yamekataliwa,” alisema Kipkurui. “Kwa sababu yamekomaa mno. Hata mbuzi angeyaacha.”

Huyo ndiye mtu pekee aliyekasirika siku hiyo. Mageto alidai kifuniko kimenunuliwa. Janeffer, ambaye majani yake yalikataliwa kwa sababu hakumpa mkurugenzi mkono kwenye mazishi fulani, alimwambia anyamaze, kwamba wengine wangefurahi kuwa na sababu nzuri kama hiyo.

Kisha Mokeira akamwaga majani yake mezani.

“Mama Ombati,” alisema Kipkurui, “yamekataliwa. Kwa sababu—”

Hapo kifuniko hakikusema neno. Kilicheka. Lilikuwa cheko refu, lililoanzia tumboni, likapanda, likajikwaa, likaisha kwa kikohozi kidogo kama cha mtu anayeomba msamaha. Kila mzee pale alilitambua. Lilikuwa cheko la Nyabuto.

Kipkurui aliishika mashine kwa mikono miwili na kungoja liishe. Hakukuwa na namna ya kulikatiza.

“Ni yeye,” alisema Mokeira.

“Ni yeye, mama,” alisema Kipkurui.

“Alikuwa anacheka nini?”

Kipkurui alitazama chini. Watu wengine pia walitazama chini, maana wengi walikuwepo siku ile. Ni Janeffer aliyemweleza, akimsaidia kurudisha majani kwenye gunia. Siku ile mkurugenzi alikuwa amekuja kuwahutubia hapo hapo kituoni, wakati wa masika. Alisimama mbele ya watu akasema, “Ndugu zangu, barabara hii nimeitengeneza,” akapiga hatua moja, na kiatu kikabaki kwenye matope. Akasimama kwa soksi. Watu wote walikaza midomo. Nyabuto peke yake alicheka.

“Mimi siku hiyo nilikuwa wapi?” aliuliza Mokeira.

“Ng'ombe wako alikuwa anazaa.”

“Hakuniambia.”

“Labda alifika akakuta una ndama, akasahau. Na wiki iliyofuata ndiyo akaanza kuugua.”

Mokeira alibeba gunia lake akaenda nyumbani. Njiani alisimama kwenye daraja la magogo, akaweka mzigo chini, akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akauchukua mzigo tena. Majani aliyamwaga kwenye shimo la mbolea kama kawaida.

Huku kiwandani Chemutai aligundua jambo alilopaswa kulijua mapema. Amua hakikuwa kikiamua chochote. Kilipoitwa, nacho kilimwita mwingine, na huyo mwingine alikuwa Johana Birgen. Kwa kuwa kifuniko kilichoshonwa vizuri kinaufuata mwito kokote uendako, kabla ya wiki kwisha mkurugenzi naye alikuwa amevaa chake. Kilimkaa vizuri. Kitambi kilionekana chote, na chini ya kitambi mkanda.

“Habari ya asubuhi, Mzee?” mlinzi wa lango alimsalimu.

“Nzuri sana,” alisema mkurugenzi. “Kwa sababu umesimama niliposhuka kwenye gari.”

Mlinzi alishukuru. Siku zote alikuwa akijiuliza.

Mkurugenzi alipanda moja kwa moja hadi ofisini kwa Chemutai, akafunga mlango.

“Kitoe,” alisema. “Kwa sababu naogopa.”

“Naweza kukitoa sasa hivi, Mzee. Lakini redio imeshatangaza kwamba sisi ndio kiwanda cha kwanza chenye uwazi. Na wageni kutoka Siongiroi wanakuja kujifunza.”

Mkurugenzi aliketi. Kifuniko kiliketi naye, kikatoa mlio mdogo wa nailoni kwenye kiti.

“Basi niwekee kingine juu yake. Kikinyamazishe hiki.”

Chemutai alimweleza jambo hilo kwa heshima na kwa uvumilivu. Viko vifuniko vya aina mbili. Kuna kile kisichopitisha mwanga. Hicho kingenyamazisha kila kitu, ila kingefunika na jina pia. Mtu akiuliza huyu ni nani, kitajibu ni Kifuniko, na kwenye karatasi za kura jina lililochapishwa ni Johana Birgen. Kuna na kile kinachopitisha. Hicho kingetunza jina lake, ila kingepitisha kila kilicho chini yake.

“Kwa hivyo nikitaka kuchaguliwa lazima nionekane,” alisema mkurugenzi.

“Ndiyo, Mzee.”

“Niwekee hicho cha kupitisha. Labda viwili vikikaa pamoja vitaonekana vizito. Kwa sababu sijaelewa ulichosema.”

Chemutai alijua haitasaidia. Aliuma mdomo, akafanya alivyoagizwa, na akiwa anashona alijisikia kama mtu anayemwongezea mwenzake blanketi siku ya jua. Moyoni pia alijisifu kidogo, kwa maana kifuniko cha pili kilikaa juu ya cha kwanza bila mkunjo.

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye uwanja wa kiwanda, chini ya hema jeupe, na wakulima walijaa hadi kwenye ua wa miti. Mpinzani wa mkurugenzi alikuwa kijana aliyevaa suti ya buluu; aliongea vizuri kuhusu mbolea na vijana, na hakuna mtu aliyeona kitu zaidi ya suti. Kisha Johana Birgen akasimama. Jua lilikuwa la saa kumi, likapita kwenye vifuniko vyote viwili, na mwanga wa rangi rangi ukaanguka juu ya kitambaa cha meza. Wamama wa mstari wa mbele walisema amependeza.

“Nawapenda wakulima wangu,” alisema. “Kwa sababu wananichagua.” Kifuniko cha pili kikapokea, kikapitisha, kikaongeza cha kwake: “Kwa sababu wananichagua.”

Watu walipiga makofi. Yalikuwa maneno ya kweli na aliyasema mara mbili.

Ukafika wakati wa maswali. Mageto aliuliza habari za vifuniko vilivyonunuliwa, akaambiwa akae. Mtu mmoja aliuliza kwa nini lori huchelewa kwenye vituo vya juu. Mkurugenzi akajibu kwamba ni barabara, na vifuniko vikaeleza, kimoja baada ya kingine, kwamba lori hupitia kwanza kubeba mawe ya nyumba yake. Hakuna aliyezomea. Fundi aliyejenga nyumba hiyo alikuwepo, akainua mkono kuthibitisha kwamba mawe yalifika salama.

Mokeira akasimama. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani na mikono ameiweka nyuma.

“Mimi ni Mokeira, mke wa marehemu Nyabuto,” alisema. “Majani yangu yanakataliwa kwa nini?”

Mkurugenzi alikunywa maji.

“Mama yangu, hilo ni jambo la ubora,” alisema. “Tutalifuatilia.” Na papo hapo kifuniko cha kwanza kikacheka cheko la Nyabuto, refu, la tumboni, lenye kujikwaa na kikohozi chake. Likaisha. Halafu kifuniko cha pili kikalicheka lote tena, tangu mwanzo.

Safari ya pili wengine walicheka nalo. Wengi walianza kwa kukaza midomo, kama walivyofanya siku ile ya matope, lakini cheko la Nyabuto lilikuwa la kuambukiza hata alipokuwa hai, na sasa hakuna aliyelizuia. Wazee waliokuwa wakinywa naye chai walijipangusa macho kwa kofia. Mokeira alibaki amesimama, akisikiliza. Mkurugenzi naye alibaki amesimama, kwa kuwa kukaa kungeonekana vibaya, na watu walipotulia walisikia kwamba vifuniko vilikuwa bado na neno.

“Kwa sababu niliaibika,” kilisema cha kwanza, polepole. “Viatu vilikuwa vipya. Binti yangu ndiye alininunulia.”

“Binti yangu ndiye alininunulia,” kilisema cha pili.

Mama mmoja wa mstari wa mbele akasema, “Woi, maskini.” Watu walimhurumia. Ni vigumu kumchukia mtu ukishamwona hadi soksi.

“Nimesikia,” alisema Mokeira, akaketi.

Kura zilipigwa, na Johana Birgen akarudi kwenye kiti kwa kura nyingi kuliko mwaka aliochaguliwa mara ya kwanza. Janeffer alipoulizwa na jirani yake kwa nini alimpa kura, alisema, “Yule wa suti tutajuaje ana nini ndani? Huyu tumemwona mpaka utumbo.” Jirani akasema hata yeye aliwaza hivyo hivyo.

Baada ya hapo kiwanda kilipata sifa. Wageni kutoka Siongiroi walikuja, wakafuatwa na wa Kipkelion, wakamzunguka Kipkurui wakipiga picha, na Kipkurui akawavumilia kwa upole wake. Makarani wote wa eneo walivalishwa. Malalamiko yaliisha kabisa, kwani mtu aliyeambiwa sababu hana tena cha kuuliza, na kombe la uwazi lililetwa na kuwekwa kwenye kabati la kioo. Chemutai alipewa ofisi yenye dirisha la kutazama msitu wa mikaratusi. Weldon aliendelea kuleta vijiti.

Majani ya Mokeira yaliendelea kukataliwa.

Jambo hilo lilimsumbua Chemutai. Alikuwa amefikiri, kama wanavyofikiri wengi waliosoma mambo ya uwazi, kwamba ubaya ukionekana utakimbia. Aliuona umekaa mezani unakunywa chai na watu. Siku moja alitoka ofisini mapema, akaenda hadi kwa Mokeira, akamkuta kwenye mistari ya chai akichuma. Mikono ya mama huyo ilikuwa inaruka juu ya majani bila yeye kuiangalia.

“Chamgei, mama,” Chemutai alimsalimu.

“Karibu, mwanangu. Usikanyage hapo, ni pa maji.”

Chemutai alisimama palipokuwa pakavu. Alisema amekuja na neno. Amua chenyewe hawezi kukigusa, ufunguo hana. Ila kifuniko ni chake, alikishona yeye, na anaweza kukishona vingine. Kingepokea jibu kutoka ndani, na likiwa ni la kumkataa Mokeira, kingelibadilisha kabla halijafika nje.

“Si ulisema hakibadilishi kitu?”

“Hakibadilishi. Nikikifanya hivyo kitakuwa si kifuniko tena, mama. Kitakuwa mwongo. Na wakijua nitafukuzwa. Lakini nitakifanya.”

Mokeira alitupa konzi ya majani kwenye kikapu mgongoni.

“Na sababu? Kitasema sababu gani?”

“Kitasema, yamekubaliwa, kwa sababu Chemutai amesema.”

“Na huyu mzee wangu?”

Hilo Chemutai hakuwa amelifikiria.

“Hatacheka,” alisema mwishowe. “Sababu ya ndani haitafika nje.”

Mokeira alichuma hadi mwisho wa mstari, akageuka, akaanza kurudi na mstari wa pili. Chemutai alimfuata kando kando, akikwepa pa maji.

“Unajua alivyougua, mwisho mwisho hakuwa na sauti,” Mokeira alisema. “Ombati akipiga simu kutoka Nairobi, baba yake anasikiliza tu. Mimi nilikuwa nimesahau cheko lake. Sura nilikuwa nayo, kuna picha. Cheko hakuna picha yake.”

“Lakini mama, wanakuonea.”

“Wananionea,” alikubali Mokeira. “Nani amesema hawanionei?”

“Basi niruhusu.”

“Wacha kwanza. Kuna mchuuzi wa majani ameanza kuja na pikapu pale ng'ambo ya barabara. Analipa vibaya, lakini analipa. Na wewe usifukuzwe kwa ajili yangu, mama yako atakamuliwa na nani?”

“Ng'ombe wake,” alisema Chemutai.

“Ndiyo, ng'ombe wake. Umenielewa.”

Alimpa Chemutai ndizi za kupeleka nyumbani. Chemutai aliondoka bila kushona chochote, na alijichukia kidogo kwa jinsi alivyojisikia mwepesi njiani.

Kesho yake Mokeira alifika kituoni mapema. Kulikuwa na ukungu, na Kipkurui alionekana vizuri ndani ya kifuniko chake, kama taa ndani ya kioo. Mokeira alimwaga majani mezani, akayapekua, hakukuta la kutoa.

“Mama Ombati,” alisema Kipkurui. “Yamekataliwa. Kwa sababu—”

Nyabuto akacheka. Mokeira aliinamisha kichwa upande mmoja na kusikiliza mpaka kwenye kikohozi.

“Kipkurui,” alisema, “hebu pima tena.”

Kipkurui alimtazama, na safari hii hakuitazama mashine. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, na lori lilikuwa limeshawasha injini. Alibonyeza tena. Yakakataliwa tena, Nyabuto akacheka tena, na hakuna mtu kwenye foleni aliyesema fanya haraka, hata Mageto.

Kisha Mokeira akakusanya majani yake, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akavuka barabara hadi kwenye pikapu ya mchuuzi. Weldon akaweka gunia lake mezani.